Seva Inafunguka Kwenye Laptopu, Simu Haiioni: Majibu kwa Wasomaji

SWALI: Ndugu Mshauri, pokea salamu kutoka Morogoro. Ninatengeneza programu ya kutunza hesabu za stoo ya duka la pembejeo kwa kutumia Django (mfumo wa kutengenezea tovuti kwa lugha ya Python), na ninaiendesha kwenye laptopu yangu ya Windows. Nikiandika http://127.0.0.1:8000 kwenye kivinjari cha laptopu hiyohiyo, kila kitu kinafunguka vizuri. Tatizo ni simu. Nikiwa kwenye waifai ileile ya nyumbani na kuandika http://192.168.1.14:8000, ambayo ndiyo anwani ya laptopu, mwanzoni simu ilikuwa inazunguka muda mrefu kisha inashindwa. Baada ya kuzima ukuta wa ulinzi (firewall) wa Windows, sasa inakataa papo hapo na kuandika ERR_CONNECTION_REFUSED. Mteja wangu, mwenye duka, yuko Mwanza, naye anataka kuiona kazi kabla ya kunilipa awamu ya pili. Nimeingia kwenye ruta, nikafungua poti 8000 (namba ya mlango ambao programu hupokelea mawasiliano) na kuielekeza kwenye laptopu, kisha nikampa anwani inayoonyeshwa na zile tovuti za kukuambia anwani yako ya intaneti. Kwake ukurasa unazunguka mpaka muda unaisha. Nimeona pia kwamba kwenye ukurasa wa ruta, sehemu ya intaneti, imeandikwa 100.72.18.5, ambayo si ile niliyompa. Siku ya tatu hii ninahangaika. Nimekosea wapi?

JIBU: Ndugu msomaji wa Morogoro, kabla ya yote, washa tena ukuta wa ulinzi. Baadaye utautoboa tundu moja tu linalohitajika; kuuzima wote ni sawa na kung'oa mlango kwa sababu kitasa kinasumbua. Hata hivyo, kuuzima kwako kumetupatia ushahidi ambao pengine hukuuona thamani yake, na ndio nitakaoanza nao.

Umesema kwamba ukuta ulipokuwa umewashwa simu ilizunguka bila jibu, na ulipozimwa ikakataliwa mara moja. Mambo hayo mawili hayafanani. Kompyuta inapobishiwa hodi kwenye poti ambayo hakuna programu inayoisikiliza, kawaida yake ni kurudisha pakiti fupi (kifurushi kidogo cha data) ya kukataa, na kivinjari kikiipokea hutangaza papo hapo kwamba muunganisho umekataliwa. Ukuta wa ulinzi unapoamua kuitupa hodi hiyo, haurudishi chochote. Simu hubisha tena na tena, kila mara ikisubiri zaidi kidogo, hadi muda unapokwisha. Kwa hiyo kukataliwa kwako ni habari njema kwa kiasi fulani, maana kunaonyesha kwamba simu ilifika kwenye laptopu, kwamba laptopu yenyewe ndiyo iliyojibu, na kwamba waifai ya nyumbani haina kosa lolote. Kimya ndicho kinachosumbua, kwa sababu anayenyamaza anaweza kuwa ukuta wa laptopu, ruta, mtoa huduma wa intaneti, au hata anwani isiyokaliwa na mtu.

Sasa, kwa nini laptopu imkatae mgeni ilhali seva inaendeshwa? Anwani zote zinazoanza na 127 zimetengwa kwa ajili ya kompyuta kuzungumza na nafsi yake, na pakiti iliyoandikiwa 127.0.0.1 haitoki kamwe kwenye kadi ya mtandao. Amri ya kawaida, python manage.py runserver, huiweka seva ya majaribio kwenye anwani hiyo tu. Wala hilo si kasoro. Waliotengeneza Django walikusudia kwamba kazi ambayo haijaiva isionekane na jirani. Fungua dirisha la amri uandike netstat -ano | findstr :8000, na bila shaka utaona mstari wenye 127.0.0.1:8000 na neno LISTENING. Mstari huo mmoja ungekuokolea siku zako tatu. Unaeleza kwamba seva inasikiliza chumbani, na simu yako ilikuwa inabisha sebuleni.

Isimamishe seva, kisha uiwashe kwa python manage.py runserver 0.0.0.0:8000. Hapo 0.0.0.0 maana yake ni "sikiliza kwenye kila anwani ambayo kompyuta hii inayo". Ukirudia netstat, mstari utabadilika. Angalizo: 0.0.0.0 ni agizo kwa seva, si anwani ya kumpa mgeni. Kwenye simu utaendelea kuandika 192.168.1.14, na uiandike kamili pamoja na http:// mwanzoni, kwa sababu baadhi ya vivinjari vya siku hizi huanza na https vyenyewe, na seva ya majaribio ya Django haijui lugha hiyo. Likitokea hilo, dirisha la amri litakujazia mistari inayolalamika kwamba umeifikia seva kwa HTTPS ilhali inaelewa HTTP peke yake.

Ukishafanya hivyo, inawezekana sana simu ikakuonyesha ukurasa wa njano wenye kichwa DisallowedHost na ushauri wa kuongeza '192.168.1.14' kwenye ALLOWED_HOSTS. Wengi wakiuona huo hukata tamaa, wakidhani wamerudi walikotoka. Mimi nikiuona hufurahi, kwa sababu ukurasa huo umeandikwa na Django yenyewe: hodi imepita waifai, imepita ukuta, imefika kwenye programu, na kilichobaki ni mwenye nyumba kumuuliza mgeni amekuja kwa jina gani. Fungua settings.py, uandike ALLOWED_HOSTS = ['192.168.1.14', 'localhost', '127.0.0.1'], na uache mazoea ya kuweka kinyota cha kuruhusu majina yote, ambayo nayaona kwenye nusu ya kazi ninazoletewa.

Turudi kwenye ukuta wa ulinzi ambao naamini umeshauwasha. Mara ya kwanza Python inapotaka kusikiliza nje ya kompyuta, Windows huuliza kama uiruhusu. Mtu mwenye haraka hubofya Cancel ili dirisha limwondokee, na kumbe kwa kubofya hapo Windows huandika kanuni ya kuizuia Python. Baadaye akienda kuongeza kanuni ya kuiruhusu poti 8000 anashangaa kuona haifanyi kazi. Sababu ni kwamba kanuni ya kuzuia inaishinda kanuni ya kuruhusu. Nenda kwenye Windows Defender Firewall, upande wa kanuni za wanaoingia, utafute mistari ya python yenye alama nyekundu ya kuzuia, uifute, halafu ndipo uruhusu. Angalia pia kama waifai yako ya nyumbani imesajiliwa kama mtandao wa umma au wa faragha. Ikiwa ni wa faragha, ruhusa yako iweke kwa mitandao ya faragha tu, ili siku utakapokaa na laptopu kwenye mgahawa tundu hilo lisiwe wazi kwa kila mnywaji chai.

Hapo simu yako itafungua. Kwa mtu wa nyumbani kwako kazi imekwisha. Kwa mteja wa Mwanza bado, na huko ndiko ulikopoteza nguvu nyingi bila ya kosa lako.

Tazama tena namba uliyoiona kwenye ruta: 100.72.18.5. Anwani za toleo la nne la itifaki ya intaneti ni takriban bilioni 4.3 kwa dunia nzima, na akiba kuu ya dunia iligawiwa mafungu yake ya mwisho tarehe 3 Februari 2011. Watoa huduma walikuwa na wateja wengi kuliko anwani, wakaanza kuwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya umma. Mwezi Aprili 2012 likatengwa rasmi fungu la kazi hiyo, kuanzia 100.64.0.0 hadi 100.127.255.255. Yako imo ndani ya fungu hilo. Maana yake ni kwamba ruta yako haina anwani ya umma. Ile uliyompa mteja ni ya kifaa kikubwa cha mtoa huduma, ambacho unakitumia pamoja na watu usiowajua. Mteja alipobisha, hodi yake iliishia kwenye kifaa hicho, ambacho hakina maagizo ya kumpeleka kwako, kikaitupa. Kanuni uliyoiandika kwenye ruta ni sahihi kabisa, lakini imeandikwa kwenye mlango wa ndani, na geti la nje hulimiliki.

Ndiyo maana namshauri kila mtu aifanye hesabu hii kabla ya kugusa ruta: alinganishe anwani iliyoandikwa kwenye ukurasa wa ruta, sehemu ya intaneti, na ile inayoonyeshwa na tovuti za nje. Zikilingana, kuelekeza poti kunaweza kufanya kazi. Zikitofautiana, asipoteze usiku. Na anayejaribu, ajaribu kutoka nje kweli, kwa kuzima waifai ya simu na kutumia data ya laini, kwa kuwa ruta nyingi haziwezi kuipokea hodi inayotoka ndani ikizunguka kurudi ndani, na mtu huweza kudhani kazi yake imeharibika kumbe imenyooka. Kanuni ile ya poti 8000 uifute. Leo haidhuru, lakini siku mtoa huduma atakapokupa anwani ya umma, itakuwa imeacha mlango wazi ambao wewe umeshausahau.

Njia yako ni handaki. Badala ya kumsubiri mgeni aje kutoka nje, programu ndogo kwenye laptopu inatoka yenyewe kwenda kwenye seva iliyo mtandaoni na kuushikilia muunganisho huo. Wageni hufika kwenye seva ile, na maombi yao hupitishwa ndani ya muunganisho uliokwisha kufunguliwa. Kwa kuwa wewe ndiwe uliyetoka, wala ruta wala kifaa cha mtoa huduma hakina la kupinga. Programu ya cloudflared inaweza kufanya hivyo bila hata akaunti: andika cloudflared tunnel --url http://localhost:8000, nayo itakuchapishia anwani ya bahati nasibu inayoishia na trycloudflare.com, ambayo ndiyo utakayomtumia mteja. ngrok hufanya kazi ya namna hiyohiyo, ila inataka ujisajili. Jambo zuri ni kwamba handaki huingia kwenye seva kutokea ndani ya laptopu, kwa hiyo unaweza kuirudisha seva kwenye 127.0.0.1 na kuliziba lile tundu la ukuta. Ongeza '.trycloudflare.com' kwenye ALLOWED_HOSTS, na usishangae mteja akiweza kuona kurasa zote lakini kila fomu anayojaza inagoma kwa kosa la 403 (kukatazwa). Kivinjari chake kinasema kimetoka https, Django inaona maombi yameingia kwa http, na inashuku ulaghai. Weka anwani ile kamili, pamoja na https:// yake, kwenye CSRF_TRUSTED_ORIGINS. Tangu Django 4.0 ukiiacha https:// hiyo haikubali.

Ikiwa una seva ndogo ya kukodi mtandaoni, unaweza kuchimba handaki lako mwenyewe kwa ssh -N -R 8000:127.0.0.1:8000 na jina la seva hiyo. Hapo utakutana tena na rafiki yetu wa mwanzo: kwa kawaida ssh huifungua poti hiyo kwenye 127.0.0.1 ya seva ile peke yake, na wageni watakataliwa vilevile kama simu yako ilivyokataliwa. Ama umwombe nginx (programu ya seva inayopitisha maombi) aipitishe, ama mwenye seva abadilishe mpangilio wa ssh uitwao GatewayPorts.

Neno moja kuhusu kile unachokionyesha. Seva ya runserver haikutengenezwa kwa ajili ya umma, na nyaraka za Django zinakataza waziwazi kuitumia hivyo. DEBUG (hali ya kuonyesha makosa kwa undani) ikiwa imewashwa, kosa dogo tu humwonyesha mgeni vipande vya msimbo wako, njia za mafaili na sehemu kubwa ya mipangilio. Mpe mteja anwani kwa saa ambayo mmekubaliana kutazama pamoja, kisha ulifunge handaki kwa Ctrl+C. Na ikiwa hifadhidata ina majina na namba za simu za wakulima wanaokopa mbolea dukani, zibadilishe ziwe za kubuni kabla ya maonyesho. Tangu tarehe 1 Mei 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatumika Tanzania, na haina msamaha kwa sababu ya "ilikuwa majaribio tu".

SWALI: Hujambo Mshauri. Mimi niko Nairobi na kazi yangu ni kutengeneza kurasa kwa Vite (seva ya majaribio ya kurasa za tovuti) ndani ya WSL (Linux inayoendeshwa ndani ya Windows) kwenye Windows 11. Nilishasoma mahali kwamba dawa ni 0.0.0.0. Nimeitumia, kivinjari cha Windows kinafungua localhost:5173 bila shida, lakini simu na kompyuta za wenzangu ofisini zinakataliwa. Mbona dawa imegoma?

JIBU: Sijambo, ndugu yangu. Dawa haijagoma, imefanya kazi ndani ya nyumba nyingine. WSL ya toleo la pili ni mashine ya kubuni yenye mtandao wake mdogo nyuma ya Windows, mara nyingi ikiwa na anwani inayoanza na 172. Uliposema 0.0.0.0, Linux ilisikiliza kwenye anwani zake zote, lakini anwani ya ofisini ni ya Windows, si ya Linux. Windows hukusaidia kwa kuipitisha localhost hadi ndani, na ukarimu huo ndio unaowapoteza watu, kwa sababu haufiki kwenye anwani ambayo wenzako wanaibisha.

Kwa kuwa una Windows 11, na ikiwa ni toleo la 22H2 au jipya zaidi, njia ninayoipenda ni kuunda faili la .wslconfig kwenye folda yako ya mtumiaji, uandike [wsl2] na chini yake networkingMode=mirrored, kisha wsl --shutdown na kuanza upya. Baada ya hapo Linux hushiriki anwani zilezile za Windows. Kuna ukuta wa ziada wa Hyper-V (sehemu ya Windows inayoendesha mashine za kubuni) ambao nao unataka ruhusa, kwa amri ya New-NetFirewallHyperVRule. Ukiusahau, kukataliwa kwako kutageuka kuwa kimya. Njia ya zamani ni netsh interface portproxy, inayoiambia Windows ipokee kwenye poti 5173 na kuipeleka kwenye anwani ya Linux. Inafanya kazi, ila anwani ya Linux hubadilika kila WSL inapoanza upya, na utajikuta unaiandika kila asubuhi.

Hakikisha pia kwamba Vite yenyewe imesikia. Ikiwa kwenye dirisha la amri bado inaandika "Network: use --host to expose", basi hata hiyo 0.0.0.0 haijafika, mara nyingi npm run dev imelimeza agizo lako la --host kwa sababu hukutanguliza vistari viwili: npm run dev -- --host.

SWALI: Ndugu Mshauri, natumia Django kupokea malipo ya M-Pesa. Ombi la kulipa linafika kwenye simu ya mteja, anaweka namba ya siri, pesa zinakwenda, lakini programu yangu haipati taarifa yoyote ya kwamba amelipa. Kwenye sehemu ya anwani ya kurudishia majibu nimeweka http://localhost:8000/malipo/jibu. Niko Mombasa.

JIBU: Localhost ya nani? Seva inayotuma taarifa ya malipo ikiisoma anwani hiyo, inaielewa kuwa ni yenyewe, kwa kuwa 127.0.0.1 kwa kila kompyuta ni yeye mwenyewe. Hata ungeiwekea 192.168 ingekuwa vilevile: anwani zinazoanza na 10, na 192.168, pamoja na zile za kati ya 172.16 na 172.31, zilitengwa kwa mitandao ya ndani, na haziwezi kufikiwa kutoka kwenye intaneti ya umma. Ombi la kwanza lilifanikiwa kwa sababu lilitoka kwako kwenda nje. Jibu linakuja kama mgeni mpya anayebisha hodi, na huna mlango.

Tumia handaki kama nilivyomweleza msomaji wa Morogoro, na weka anwani ya https uliyopewa. Kwa kazi hii mahususi napendelea ngrok, kwa sababu moja ya kivitendo: ukifungua http://127.0.0.1:4040 kwenye laptopu yako, inakuonyesha kila ombi lililoingia, pamoja na mwili wake na jibu ulilolitoa, na unaweza kulirudisha ombi lilelile kwenye programu bila kumsumbua mteja alipe shilingi nyingine. Ukurasa huo pia unamaliza ubishi. Ukiwa mtupu, taarifa haijafika kwenye handaki, na kosa liko kwenye anwani uliyosajili. Ukiwa na mstari wenye 403 (kukatazwa) au 404 (ukurasa haupo), taarifa ilifika na wewe ndiye uliyeifukuza.

Na nahisi utaifukuza, maana mitego ni miwili. Wa kwanza ni kwamba Django inataka tokeni ya CSRF (alama ya siri inayothibitisha kwamba fomu imetoka kwako) kwa kila POST (ombi linaloleta data), na seva ya malipo haina tokeni yako. Kipande cha msimbo (function) kinachopokea taarifa hiyo ukipe csrf_exempt, kisha uthibitishe malipo kwa njia nyingine, kwa mfano kwa kulinganisha namba ya ombi na ile uliyoihifadhi ulipoomba. Wa pili ni mkwaju wa mwisho, yaani alama ya /. Anwani yako umeiandika bila mkwaju. Ikiwa kwenye urls.py umeiandika 'malipo/jibu/', Django itataka kumwelekeza mtumaji kwenye anwani yenye mkwaju, na haiwezi kufanya hivyo kwa POST bila kupoteza mzigo. Andika pande zote mbili sawasawa, herufi kwa herufi.

Ukilifunga handaki la anwani ya bahati nasibu na kulifungua tena, anwani hubadilika, na taarifa zitaendelea kupelekwa kwenye ile iliyokufa. Iweke kwenye faili la mipangilio, usiifukie katikati ya msimbo.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi, Arusha. Jana simu ilifungua programu yangu vizuri kwa 192.168.0.23, leo kimya. Sijagusa chochote. Pia chuoni kwenye waifai haijawahi kufanya kazi hata mara moja. Nifanyeje siku ya kuwasilisha mradi?

JIBU: La jana ni jepesi. Ruta hugawa anwani kwa mkopo, na leo laptopu yako imepewa nyingine; andika ipconfig uisome upya. Nyumbani unaweza kuingia kwenye ruta na kuifungia laptopu anwani moja ya kudumu. Ukikuta inaanza na 169.254, laptopu haikupewa anwani kabisa na imejibunia yake.

La chuoni limenipata mimi mwenyewe. Niliwahi kukaa kwenye nyumba ya wageni moja, nikiwa na kazi ya kumwonyesha mtu kesho yake, na kwa zaidi ya saa moja nikabadilisha mipangilio ambayo haikuwa na kosa: seva ilisikiliza 0.0.0.0, ukuta uliruhusu, simu na laptopu zilikuwa na anwani zinazofuatana, na bado kimya. Mwishoni nikajaribu ping kutoka laptopu kwenda kwenye simu, kisha kutoka simu kwenda kwenye laptopu, na zote mbili hazikufika. Waifai nyingi za maeneo ya watu wengi huwatenganisha wateja makusudi, kila mmoja aione intaneti lakini asimwone jirani. Ni ulinzi mzuri, na hakuna amri ya upande wako itakayouondoa.

Siku ya kuwasilisha, washa hotispoti ya simu na uunganishe laptopu hapo. Laptopu itapata anwani kutoka kwa simu. iPhone hutoa za 172.20.10, na Android za zamani zilizoea 192.168.43. Soma ipconfig, andika anwani hiyo kwenye kivinjari cha simu hiyohiyo au ya mwalimu akijiunga, na ukurasa utafunguka. Mazungumzo hayo ya simu na laptopu hayatoki kwenda kwenye mnara, kwa hiyo hayali bando. Kwenye simu nyingi za Android unaweza hata kuzima data. Ila kama kurasa zako zinavuta fonti au mitindo kutoka mtandaoni, zitaonekana uchi data ikizimwa, basi zipakue uziweke ndani ya mradi usiku wa kuamkia siku hiyo, na ujaribu kila kitu data ikiwa imezimwa kabla hujatoka bwenini.